Mmoja Abaki Nje

Mwalimu hakuwahi kuhesabu kitu mpaka mwisho. Alifundisha hesabu shuleni miaka mingi kabla ya kuja kutunza kompyuta za hospitali yetu, lakini ukimuuliza ana watoto wangapi alikujibu, "Wako, wanakula." Ukimuuliza idadi ya ng'ombe wake alitazama upande wa msitu wa Mau mpaka uone aibu mwenyewe. Hata darasani, enzi zile aliponifundisha, aliita majina yote ya rejista akaruka moja, kila asubuhi la mtu tofauti. Siku aliponiruka mimi nililia, nikidhani nimefukuzwa. Akaniambia nikae chini, nipo, yeye anajua nipo.

Sisi ni Wakisii. Wazazi wangu walikuja huku kuchuma chai, nikazaliwa laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba. Nilipomsimulia mama habari ya rejista alicheka, akasema ni mambo ya Wakipsigis hayo, tuwaachie wenyewe: hawahesabu watoto wala mifugo, maana ukihesabu wote umeita kifo kije kuchagua. Alicheka vizuri, mama yangu. Siku hizi nakikumbuka kicheko kile mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Lazima nimzungumzie mama kwanza, kwa sababu bila yeye huwezi kujua Mwalimu na mimi tulikuwa tunaogopa nini. Mama aliuawa na kadi. Mwili wake ulikuwa unakataa dawa moja ya sindano, ile ambayo karibu kila mtu amewahi kuchomwa. Tulishajua, na ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake ya hospitali. Kadi aliichomeka juu ya ukuta, chini ya bati. Mvua ya mawe ikatoboa bati, kadi ikalowa, wino ukaenda. Miezi michache baadaye alianguka shambani, akapelekwa zahanati moja akiwa hajitambui, mguu umeoza kidonda. Wakamchoma. Waliona wanamwokoa, na siwalaumu, ingawa kuna siku nawalaumu. Mimi nilikuwa chuoni nasomea kompyuta. Nilifika nikakuta wameshamfunika.

Mwalimu alikuja matangani. Hakutoa pole ndefu kama watu wengine. Alinivuta kando ya jiko walikokuwa wanapika akaniambia, "Maliza chuo, halafu ukuje kwangu. Tutaandika watu mahali mvua haifiki."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Hospitali ni ya kanisa, iko katikati ya chai, chini ya Kimulot, na chumba cha mashine kilikuwa zamani stoo ya mashuka. Mpaka leo kinanuka sabuni ya kipande. Ndani kuna chuma kimoja kikubwa, seva, kinachovuma mchana kutwa, na ndani ya chuma hicho kunaishi mashine kadhaa zisizo na mwili. Wasomi wanaziita mashine pepe. Kila moja inajiona ni kompyuta kamili na ina kazi yake: ya maabara, ya duka la dawa, ya mafaili ya wagonjwa. Unaweza kuijenga asubuhi ukaifuta mchana, na chuma kisihisi lolote. Hilo ndilo lililomtisha Mwalimu tangu mwanzo. Alisema kitu kikifa lazima kiache hata ngozi.

Alizipa majina ya ng'ombe wake. Ya mafaili ilikuwa Chelel, yule mweupe aliyempenda kuliko wote, kwa kuwa ndiyo iliyobeba watu. Daktari akifungua faili la mgonjwa mwenye aleji ya dawa fulani, mstari mwekundu ulikaa juu kabisa na haukuondoka mpaka abonyeze kwamba ameuona. Mstari ule aliubuni Mwalimu. Wauguzi wakiuandika ovyoovyo aliwaita, akawaambia kuna mama mmoja aliuawa na wino. Aliwaambia hivyo mimi nikiwa nimekaa palepale, na hakunitazama hata mara moja. Nilimchukia kwa hilo, acha niseme ukweli. Halafu nikaona wauguzi wanaandika vizuri, nikamchukia kidogo tu.

Sasa, kuzitunza mashine zote hizo moja moja kwa mikono kungetumaliza. Kwa hiyo kulikuwa na programu ya kuziendesha. Unaiandikia orodha: nataka mashine hizi, hii iwe hivi, ile iwe vile. Ukibonyeza, inapita zote yenyewe. Isiyokuwepo inaijenga. Uliyoiambia iifanye upya, inaifuta yote na kuijenga tena, tupu, kama iliyonunuliwa leo. Tuliiita Karani, kwa kuwakumbuka makarani wa vituo vya kununulia majani chai, wale ambao hata ukiwaambia umefiwa wanatazama mizani tu. Wageni waliisifu sana. Kazi ya siku mbili inaisha kabla chai yako haijapoa.

Mwalimu aliitumia kila siku na hakuipenda siku hata moja. "Karani hana macho," alikuwa akisema. "Ako na orodha." Na neno lake lingine, alilolisema akiwa anafunga mlango jioni, bila kumlenga mtu: kosa la mkono linaua mmoja, kosa la Karani linaua zizi.

Kuna kitabu tulichosomeshwa chuoni kilichosema mashine zitunzwe kama ng'ombe wala si kama mbwa wa nyumbani. Maana yake, usiipe jina, ipe namba, na ikiugua ichinje uchukue nyingine. Nilimsomea Mwalimu. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema aliyeandika hayo hajawahi kuchunga hata mbuzi. Na haki ya Mungu, Chelel mwenyewe, ng'ombe wa kweli, alipokufa kwa kuvimbiwa, Mwalimu hakuja kazini siku mbili, mtu ambaye alikuja kazini akiwa na malaria. Aliporudi aliniomba tusibadilishe jina la mashine. Akasema huyu basi tumlinde.

Alikuwa na sheria moja juu ya Karani. Kabla hujabonyeza, unasimama, unataja kwa sauti jina la mashine unayotaka ifanywe upya. Si kunong'ona. "Taja jina ya ng'ombe," alisema, na usipotaja, hubonyezi. Nilikuwa naona haya watu wakipita dirishani wakinisikia nikiita Malkia na Bahati peke yangu. Siku moja nilibonyeza kimya, nikidhani amesinzia. Alichomoa kibodi, akaitia kwenye mfuko wake pamoja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, akaenda nayo nyumbani. Ilikaa huko siku tatu. Siku tatu nilikuja kazini kutazama skrini, na daktari mkuu alipouliza, Mwalimu alimjibu kwamba kibodi ni mgonjwa.

Alikuwa mzee wa kanisa, na alipopanda mimbarani alizichapa imani za kienyeji bila huruma. Bundi, kwake, alikuwa kuku wa mwitu. Waganga aliwataja kwa majina, mmoja wao akiwa shemeji yake. Lakini Jumapili ya meza ya Bwana, alipopewa kazi ya kupanga vile vikombe vidogo, alipanga, akafika mwisho, akachukua kimoja akakiweka kando bila kukihesabu. Nilimwona. Aliniona nikimwona. Aliendelea kuimba.

Na alikuwa mkarimu kwa njia ya kuudhi. Kila Jumatatu alileta mursik, na mara ya kwanza mimi, mtoto wa Kisii, niliitema. Hakucheka. Aliniletea tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka siku nilipojikuta nauliza kwa nini kibuyu kimechelewa. Ukimshukuru alikasirika. Ungedhani umemtukana.

Nilikuwa na miaka minne pale nilipogundua kuhusu Cheptui. Chini ya meza, nyuma ya ndoo, kulikuwa na kompyuta nzee nyeusi, iliyofunikwa gunia. Kila Ijumaa mchana Mwalimu aliitoa, akanakili kwa mkono, bila Karani, mafaili yote ya Chelel, akachomoa waya, akairudisha. Haikuwa kwenye orodha ya Karani. Nikamuuliza kwa nini asiiandike, Karani afanye nakala mwenyewe, tupumzike. Alinipa sababu ya kitaalamu, na ilikuwa nzuri: anayetunza nakala asijulikane na anayeweza kufuta. Ningetosheka. Lakini siku hiyo alikuwa na maneno, akaendelea.

Aliniambia kwamba alipomaliza chuo cha ualimu, kijana mwenye cheti cha hesabu, alirudi nyumbani siku ambayo afisa wa mifugo alikuwa amekuja kuuliza idadi. Wazee walijibu kama walivyojibu siku zote, wako wengi kidogo. Yeye akaona aibu mbele ya mgeni. Akaingia zizini akawahesabu kwa kidole, kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, akataja jumla. Baba yake alisimama tu akamsikiliza. Ule mwezi haukuisha, kupe wakaleta ugonjwa, ng'ombe wakafa wote. Baba hakumgombeza. Ila hakumruhusu tena kuingia zizini, mpaka anakufa.

"Kwa hivyo unaamini," nikamwambia.

"Mimi siamini," akasema. "Lakini sitahesabu."

Akafunika gunia. Mimi nilikuwa nimesoma, nikamwonea huruma, ile huruma ya kijana ambayo ni dharau iliyovaa nguo ya Jumapili.

Alistaafu Ijumaa moja baada ya kunakili. Waliomuaga walimpa blanketi na saa ya ukutani. Aliniachia kibuyu kikiwa tupu, akanishika bega, akasema niache mmoja nje. Sherehe iliisha kabla ya mvua ya alasiri.

Meneja mpya aliletwa kutoka mjini, mtu mwerevu, msafi, asiyepaza sauti. Alipitia orodha yetu akauliza hawa ng'ombe ni akina nani. Nilicheka naye, ndiyo, nilicheka. Majina yakafutwa, zikapewa namba. Chelel akawa namba tatu. Kisha akaiona kompyuta chini ya gunia, akasema hospitali haiwezi kuwa na kitu ambacho hakiko kwenye orodha. Ningeweza kukataa. Ningeweza hata kumdanganya. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nataka. Niliunganisha Cheptui, nikaiandika, namba kumi, na niliposoma orodha kutoka juu mpaka chini, kila kitu kipo, hakuna kilichorukwa, nilisikia raha kama ya kumaliza kufua nguo zote za nyumba. Nilijiambia huo ndio usomi. Miezi saba ikapita tangu Mwalimu astaafu na hakuna baya lililotokea, nami nikasahau kabisa kuogopa.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, jua linawaka. Nilitaka kuifanya upya mashine ya maabara tu. Katika Karani kuna nafasi ya kuandika ni mashine ipi. Nilifuta namba iliyokuwepo ili niandike nyingine. Simu ikalia, alikuwa Meneja, anauliza habari ya karatasi za printa. Nikamjibu. Nikakata simu, nikabonyeza. Ile nafasi ilikuwa tupu. Na Karani, ukiacha nafasi tupu, huelewa kwamba unamaanisha zote.

Namba haiitwi kwa sauti. Kama ningelazimika kufungua mdomo niseme jina, ningeona hakuna jina. Hilo nimelifikiria nikifua, nikipika, nikiwa kanisani.

Karani alipita zote kumi. Aliandika kwa kijani, mstari baada ya mstari, imekamilika, imekamilika, imekamilika. Dakika sita. Sikuweza kumsimamisha, na nilipochomoa umeme wa seva alikuwa ameshamaliza ya kumi. Baadaye nilipowasha, mashine zote zilikuwa nzima, safi, na tupu. Kule wodini muuguzi alitafuta faili la mzee mmoja, akakuta ukurasa mtupu usio na mstari mwekundu, akaenda kuvuta sindano. Mke wa yule mzee ndiye aliyesema, ngoja, huyu si alikatazwa hiyo. Hayo nilisimuliwa na muuguzi mwenyewe.

Nilipanda bodaboda nikaenda kwa Mwalimu siku hiyohiyo. Alikuwa amekaa nje anakata nepia, majani ya ng'ombe, kwa panga. Hata sikumsalimia sawasawa, nilianza kueleza, nikachanganya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ulimwacha nani nje?"

"Hakuna, Mwalimu."

Aliinuka polepole, magoti yakilalamika, akaingia ndani. Alitoka amebeba kitu kimefungwa kwenye blanketi lile la kuagwa. Ilikuwa kompyuta ndogo, kuukuu kuliko Cheptui. Kumbe kila Ijumaa, miaka yote ile, baada ya Cheptui alikuwa akinakili mara ya pili. Kuweka mafaili ya wagonjwa chini ya kitanda chako ni kosa, unaweza kushtakiwa, na mzee wa kanisa alilijua hilo vizuri. Nikamwambia nilidhani Cheptui ndiye wa mwisho.

"Mimi sikusema ni wa mwisho," akasema. "Ni wewe ulimaliza kuhesabu."

Watu wakarudi, basi. Majina, magonjwa, mistari myekundu, wote mpaka ile Ijumaa aliyostaafu. Baada ya hapo hakuna kitu. Miezi saba ya watu ilikuwa imekwenda, na mimi ndiye niliyeifuta. Nilishuka mpaka Bomet, kwenye ofisi za kaunti, nikaomba ripoti za kila mwezi ambazo hospitali ilikuwa ikipeleka kwa karatasi. Majina hayakuwemo, idadi tu. Wenye mstari mwekundu walioandikwa katika miezi ile saba walikuwa ishirini na watatu.

Tangazo lilisomwa makanisani, kwamba umeme umeharibu kumbukumbu, aliyewahi kuambiwa mwili wake unakataa dawa arudi aandikwe. Uongo ule wa umeme niliuandika mimi. Wachache walirudi. Wengine niliwafuata kwa miguu, nikiuliza wauguzi wanakumbuka nani, nikibisha milango ya laini, nikiongea Kikisii changu na Kipsigis cha kuokoteza. Mmoja nilimpata Mulot kwenye soko la mifugo, ameshika kamba za mafahali wawili, hakumbuki hata jina la dawa, anajua tu alivimba uso. Mama mmoja aliniambia alidhani amepona aleji, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza tena. Meneja alihamishwa. Mimi niliachwa, kwa sababu ni mimi tu niliyejua nani amepatikana. Orodha nilikuwa naiandika kwenye daftari la shule, kwa kalamu nyekundu, na daftari nililifunga kwenye nailoni.

Mara ya mwisho kumwona Mwalimu, alikuwa kitandani kwake, mchana, dirisha limefunguliwa ili asikie ng'ombe. Alikuwa amekonda, sauti imebaki kidogo. Wanawe walisimama ukutani. Hata leo sijui kama walikuwa wote. Sikutaka kumchosha, lakini aliona daftari mkononi mwangu akaashiria nisome.

Nikasoma. Na Mwalimu akatoa mkono nje ya blanketi, akanyoosha kidole, na kwa kila jina nililosoma akakishusha mara moja, midomo ikisema namba. Mwanawe mkubwa alinitazama kwa hofu. Nikataka kuacha. Akaniashiria niendelee. Alihesabu kwa sauti, yeye, mbele ya watoto wake, mmoja mmoja, mpaka ishirini na wawili, kisha akabaki na kidole hewani, ananisubiri.

"Huyo sijampata, Mwalimu," nikasema.

Kidole hakikushuka. Huko nje ng'ombe alilia, akanyamaza.

"Ng'ombe tunaacha mmoja," akasema. "Mtu hapana. Enda."

Nilitoka bila hata kunywa chai. Njiani kuna kituo cha kununulia majani, na wachumaji walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao, wanawake wengi, wachache nikiwajua, wengi nisiowajua. Yeyote kati yao angeweza kuwa ndiye. Angeweza kuanguka kesho asijitambue. Nilimwendea wa kwanza kwenye foleni, nikamwamkia, nikamuuliza kama daktari aliwahi kumwambia kuna dawa asichomwe. Akasema hapana. Nikamuuliza wa pili.